Niache sindano wiki moja ili kipimo kiseme kweli?

BARUA

Shikamoo Mama.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 29, naishi Korogwe. Naomba jina langu lisitajwe.

Miaka minne iliyopita nilianza kukonda bila sababu. Nguo nilizojishonea mwenyewe nikawa nazipunguza kila baada ya wiki mbili. Kiu haikatiki, usiku naamka mara tano kwenda uani. Nilipopimwa, sukari ilisoma 24. Nikaambiwa ni kisukari aina ya pili, kwa kuwa aina ya kwanza ni ya watoto na mimi nilikuwa na miaka 25. Nikapewa metfomini. Nilivinywa vidonge miezi saba bila kuruka hata siku moja, naapa. Nikaacha soda, nikaacha wali wa usiku, na bado nikaishia kulazwa siku tano, natapika, napumua kama niliyekimbizwa. Tangu hapo nachoma insulini, uniti 18 asubuhi na 10 jioni. Siku ya kutoka wodini muuguzi mmoja aliniambia, "Ungefuata masharti usingefika huku." Maneno hayo hayajanitoka.

Mwezi uliopita nilimkuta kliniki daktari mpya, kijana. Akaangalia kadi, akaniangalia mimi nilivyo mwembamba, akauliza nani alisema hii ni aina ya pili. Akaandika kipimo cha damu kinachoitwa C-peptidi, akasema kinaonyesha insulini ambayo mwili wangu wenyewe bado unatengeneza. Damu itatolewa hapa, ipelekwe Dar es Salaam. Foleni ilikuwa ndefu, sikuuliza zaidi. Bei yake inazidi kodi ya chumba changu ya mwezi, na bima sina.

Mama yangu aliposikia alifurahi mno. Kuna mzee mmoja huko milimani Lushoto anampa unga wa mizizi, nami nauchanganya na uji, huu mwezi wa pili. Asubuhi moja sukari ilishuka mpaka 3.4, nikatetemeka, jasho likanitiririka nikiwa kwenye cherehani. Mama akasema kongosho limeamka. Ameuza mbuzi wake jike alipie kipimo, akiamini kitathibitisha hivyo na mimi niweke sindano chini kabla ya harusi.

Harusi ni Mfungo Mosi. Mchumba wangu ni mtu wa Pangani, mpole, na ananipenda. Anajua nina "sukari kidogo" na nakunywa vidonge. Habari ya sindano hana. Shangazi yake aliugua kisukari, akakatwa mguu, akaanzishiwa sindano, na baada ya miezi mitatu akafariki. Mama mkwe husema mbele yangu, "Ukiona mtu kafika kwenye sindano, ujue kaburi limeshachimbwa." Nikienda kwao chupa ya insulini naifunga kwenye mfuko, naitia ndani ya kopo la maziwa, na kopo nalifunika kwa kanga chini ya mkoba. Nachomea bafuni. Siku moja wifi yangu mdogo alifungua mlango nikiwa nimeshika bomba la sindano. Akasema "samahani", akafunga. Hajasema lolote mpaka leo, ila jioni ile alinitengea chai yangu pembeni, ya rangi, haina sukari, kwenye kikombe chenye kifuniko.

Wazo langu ni hili. Niache sindano wiki moja kabla ya kipimo, ili insulini ya chupa isichanganyike na yangu ikaleta uongo. Majibu yakiwa mazuri, hakuna haja ya kumwambia mchumba, yatakuwa yamepita. Yakiwa mabaya nitarudisha barua ya posa kimya kimya, nisimtwishe mtoto wa watu mzigo. Au nisipime kabisa? Mama, nifanyeje?

Fundi, Korogwe

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na daktari wa kisukari pembeni yangu, kwa sababu mimi si daktari na hapa pana mambo ya kitabibu.

Nianze na lile lisilongoja. Mengine yote ni yako kuyaamua na mimi nitakusindikiza tu, lakini hili nakuomba: usiache sindano kwa ajili ya kipimo. Zile siku tano wodini, kutapika na kuhema kwa nguvu, zilitokea kwa sababu mwili ulikuwa hauna insulini ya kutosha, ukaanza kuunguza mafuta na damu ikajaa asidi. Wiki moja bila sindano inaweza kukurudisha pale pale, na safari hii usiwahi hospitali. Na hata ungepona, ungekuwa umeteseka bure, maana kipimo hiki kiliundwa kwa ajili ya mtu kama wewe, anayechoma insulini.

Ngoja nikueleze kwa kazi yako. Unapokata shingo ya gauni, kuna kipande kidogo cha duara kinachotoka na kudondoka sakafuni. Gauni moja, kipande kimoja. Mtu akitaka kujua umeshona magauni mangapi leo, hata kama wateja wameshayachukua, ataokota vipande vya shingo na kuvihesabu. Sasa kongosho nalo hukata hivyo hivyo. Huanza na kitambaa kizima kinachoitwa proinsulini, kisha hukata kipande cha katikati. Kinachobaki ni insulini, na kile kipande kilichodondoka ndicho C-peptidi. Kila insulini moja inayotoka, kipande kimoja. Jambo hili liligunduliwa na Donald Steiner na wenzake Chicago mwaka 1967.

Insulini ya chupa ni gauni lililonunuliwa dukani. Shingo yake ilikatwa kiwandani, na kipande kilibaki huko huko. Hata uchome uniti mia, haiongezi kipande hata kimoja kwenye sakafu yako. Ndiyo maana daktari hakuandika upimwe insulini yenyewe, akaandika C-peptidi. Tena insulini haikai sana kwenye damu: ndani ya dakika chache nusu yake imeondoka, na ini huwa limeshachukua sehemu kubwa kabla haijafika mkononi inakotolewa damu. C-peptidi huchukua kama nusu saa kupungua nusu, na ini haliigusi sana. Kwa hiyo ile hofu ya kuchanganyikiwa kwa insulini mbili, iweke chini. Ulikuwa na nia ya kupata ukweli, na hiyo ni nia njema.

Kuna mambo mengine, hata hivyo, yanayoweza kupotosha namba, na hayo ndiyo ya kumuuliza daktari wako. Je, nile kwanza au nifunge? Mara nyingi madaktari hupendelea damu itolewe ndani ya saa tano baada ya kula, kongosho likiwa limepewa sababu ya kufanya kazi. Sukari yako dakika ile ni ngapi? Ikiwa chini ya 4, kongosho lililo hai nalo hunyamaza, na namba itasoma ndogo bila haki, kwa hiyo sukari ipimwe papo hapo na iandikwe. Figo zako zikoje? Kwa kuwa figo ndizo zinazoiondoa C-peptidi, zikichoka hurundikana na kuonekana nyingi. Tena damu yenyewe itasafirije mpaka Dar es Salaam? Hili usilione dogo. C-peptidi huharibika damu ikikaa kwenye joto kwa saa nyingi ndani ya chupa ya kawaida. Kuna chupa yenye dawa ya EDTA inayoitunza vizuri zaidi, hata siku nzima. Mbuzi wa mama yako ameshauzwa mwanangu, una haki ya kuuliza sampuli itawekwa kwenye chupa gani na itaondoka saa ngapi.

Halafu kuna ule unga. Sitaki ugombane na mama kwa ajili yake, najua anautafuta kwa mapenzi. Lakini nina wasiwasi na ile 3.4. Mama anaona kongosho limeamka. Inawezekana pia siku ile ulichoma uniti zako 18 ukachelewa kula, au kazi ya usiku uliopita ilikuwa nyingi. Na inawezekana ni unga wenyewe. Katika nchi mbalimbali zimewahi kukamatwa dawa za asili za sukari zilizochanganywa kwa siri na vidonge vya hospitali vya kushusha sukari. Simtuhumu mzee wa watu, simjui. Ila baadhi ya vidonge hivyo hulisukuma kongosho litoe insulini kwa nguvu, na yakitokea hayo C-peptidi nayo itapanda, na daktari atasoma namba ambayo si ya kongosho lako peke yake. Mpelekee kijiko kimoja cha unga huo kwenye karatasi, akione. Na ukitetemeka tena kama siku ile, kitu cha sukari kwanza, maelezo baadaye.

Tuje kwenye majibu yenyewe, maana barua yako imeyagawa mawili, mazuri na mabaya. Hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Mwongozo wa pamoja wa jumuiya za kisukari za Marekani na Ulaya wa mwaka 2021 unagawa hivi: chini ya pikomoli 200 kwa lita, kongosho limebakiwa na kidogo sana, na hiyo huelekea aina ya kwanza, juu ya 600, bado linatengeneza kwa kiasi, na hiyo huelekea aina ya pili. Katikati ni ukungu. (Maabara nyingine huandika kwa nanogramu kwa mililita, ambako 200 ni kama 0.6 na 600 ni kama 1.8, kwa hiyo uliza namba imeandikwa kwa kizio gani kabla hujaogopa au kushangilia.) Miaka yako minne inasaidia hapa. Mapema mno, mwenye aina ya kwanza anaweza kuwa bado na akiba, na namba ikadanganya. Ikishapita miaka mitatu husema wazi zaidi.

Sasa, namba kubwa hiyo unayoiita nzuri, je, ndiyo ruhusa ya kutupa sindano? Siyo moja kwa moja. Ingefungua mazungumzo: huenda dozi ikapunguzwa pole pole huku ukipimwa, huenda vidonge vikaongezwa. Wako wengi wenye aina ya pili ambao bado wanahitaji insulini. Ukijiahidi kwamba namba hiyo itafuta kila kitu, na kwamba hutakuwa na la kumwambia mchumba, naogopa utajikuta Mfungo Mosi na kopo lile lile la maziwa kwenye mkoba.

Na namba ndogo, hiyo unayoiita mbaya. Nakuomba uitazame tena ukiikumbuka ile miezi saba ya vidonge. Metfomini husaidia mwili utumie insulini iliyopo, haitengenezi isiyokuwepo. Kama kongosho lako lilikuwa limeshaishiwa, ungeacha wali, ungeacha soda, ungekunywa vidonge kwa saa na dakika, na bado ungelazwa. Namba ndogo ingesema kwamba hukuvunja masharti. Ingemjibu yule muuguzi. Sisemi kwamba ndivyo itakavyokuwa, lakini majibu ya namna hiyo kuyaita mabaya moja kwa moja naona hayajatendewa haki, wala wewe hujajitendea haki.

Ikiangukia katikati, daktari anaweza kutaka kurudia baadaye, au kutafuta kingamwili zinazoonyesha kwamba mwili unalishambulia kongosho lake wenyewe. Kingamwili zikikosekana pia si mwisho wa maneno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofanyika Cameroon, Uganda na Afrika Kusini, uliwaangalia vijana walioambiwa wana aina ya kwanza, na karibu theluthi mbili yao hawakukutwa na kingamwili hizo. Insulini waliihitaji hata hivyo. Huku kwetu kisukari kina sura ambazo vitabu vya Ulaya havikuziandika. Na hilo la kwamba aina ya kwanza ni ya watoto tu, limewapoteza wengi: hutokea hata kwa mtu wa miaka 25, hata 40.

Unaweza pia kuamua kutopima. Insulini utaendelea nayo, na tiba yako ya leo haingoji karatasi ya Dar es Salaam. Pesa zitabaki, labda mbuzi mwingine atanunuliwa. Hatari yake ni kwamba kwenye kadi yako utabaki umeandikwa aina ya pili, na siku utakapohamia Pangani, mtu mwingine wa kliniki nyingine anaweza kukutoa kwenye sindano akurudishe kwenye vidonge, kwa nia njema kabisa. Hilo lipime na wewe.

Nimeliacha la mchumba nyuma makusudi, kwa kuwa nadhani ndilo lililokufanya uandike. Umeufunga mdomo wako kwenye kipimo: majibu yakija hivi nitanyamaza, yakija vile nitaondoka. Katika njia zote mbili, yeye haambiwi. Umeliona hilo? Kipimo hiki kinajua kuhesabu vipande vya kitambaa, lakini hakijui kama mtu wa Pangani anaweza kuoa mwanamke anayechoma sindano. Jibu hilo analo yeye peke yake, na hajaulizwa. Ukirudisha barua kimya kimya utakuwa umemjibia.

Unaweza kumwambia kabla. Hatari unaijua, anaweza kuogopa, anaweza kumwambia mama yake, na maneno ya kaburi yakarudi. Unaweza kumwambia baada, ukiwa na karatasi mkononi na maelezo kamili, ila hapo ataweza kuuliza kwa nini kila mtu alijua isipokuwa yeye. Au unaweza kumwomba mje wote kliniki siku ya majibu, amsikie daktari kwa masikio yake, na wewe usiwe mkalimani wa ugonjwa wako. Hii ya tatu naipenda kidogo, lakini ni mimi, sijui moyo wake, wewe unaujua.

Lipo jingine ninalokuuliza kwa upole. Sukari ikishuka mpaka 3.4 ukiwa ukweni, usiku, nani atajua kukupa kijiko cha sukari? Atafikiri umepagawa, au una usingizi. Na kabla ya Mfungo Mosi kuna Ramadhani. Kwa mwenye aina ya kwanza, au mwenye kushukashuka sukari kama wewe, kufunga ni hatari kubwa na inabidi kuzungumza na daktari mapema. Nyumba isiyojua sababu itakuona unakula mchana. Na mkijaliwa, mimba huhitaji sukari iwe imetulia tangu kabla ya kushika, na hilo halipangwi na mtu mmoja. Nikutoe na hofu moja hapo hapo: watoto walio wengi sana wa mama wenye aina ya kwanza hawaupati ugonjwa huo.

Mama mkwe wako alimwona shangazi akianza sindano, kisha akamzika, kwa hiyo akaunganisha. Mimi simlaumu. Lakini je, kuna aliyewahi kumuuliza sukari ya marehemu ilikaa juu miaka mingapi kabla ya mguu ule? Wengi wetu hufikishwa kwenye insulini tukiwa tumechelewa, na sindano ndiyo inayosingiziwa. Januari 1922 huko Toronto, mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mtu wa kwanza kuchomwa insulini kutibiwa kisukari. Alikuwa na uzito wa kilo 29 hivi, wamemkatia tamaa. Aliishi miaka 13 zaidi, kwa dawa ya wakati ule ambayo haikuwa safi kama hii ya leo. Wewe umeishi nayo miaka mitatu na zaidi, unashona, umechumbiwa.

Mama yako naye anahitaji kuambiwa mapema kwamba mbuzi amenunua jibu, na jibu linaweza kuwa lolote. Mwambie kabla damu haijatoka, ukiwa umekaa naye jikoni, ili majibu yasije yakamwangukia peke yake.

Na sasa nirudi bafuni kule Pangani. Barua yako ni ndefu, lakini yule wifi mdogo umempa mistari michache tu kisha ukaendelea. Msichana amefungua mlango, ameona bomba la sindano, amefunga. Hakukimbilia kwa mama yake. Jioni akachemsha chai, akakumbuka kutenga ya kwako kabla ya kutia sukari kwenye birika, akatafuta kikombe chenye kifuniko. Sijui anajua nini, wala aliyajulia wapi, pengine kwa yule shangazi. Ila ndani ya nyumba ile yupo mtu anayejua tayari, na hilo ndilo alilolifanya alipojua.